Mzigo Usiogawanyika

Sheria za barabara hazina sifa ya kufikirisha. Wengi wetu tunazijua kupitia trafiki aliyesimama kwenye kivuli cha mwembe, na tukishapita tunazisahau. Lakini ndani ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayodhibiti uzito wa magari kuna wazo moja ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kukaa kwenye vitabu vya maadili. Sheria hiyo inaitenga mizigo katika mafungu mawili: inayogawanyika na isiyogawanyika.

Maelezo yake ni mepesi. Saruji inagawanyika. Mchanga, mahindi, mbolea, mbao, vyote unaweza kuvipunguza, ukabeba nusu leo na nusu kesho. Kwa hiyo ukizidisha umevunja sheria, basi. Kikomo ni tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Sasa njoo kwenye transfoma ya kituo kikubwa cha umeme. Ina tani mia moja na ushee. Huwezi kuipiga msumeno, nusu ipite Jumatatu na nusu ipite Jumanne. Ukishaikata imekuwa chuma chakavu. Huo ndio mzigo usiogawanyika, na ni kwa ajili ya mizigo ya namna hiyo mamlaka ya barabara hutoa kibali maalumu cha kupita juu ya kikomo.

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Kibali hicho kinafuta nini hasa? Lami haisomi karatasi. Ikikanyagwa na uzito uliozidi inaumia vilevile, muhuri uwepo au usiwepo. Je, jambo ambalo lingekuwa kosa linakuwa halali kwa sababu tu hakuna namna nyingine ya kulifanya? Na nani anayepaswa kutuambia kwamba kweli hakuna namna nyingine?

Kwanza tujue barabara inaumiaje, maana bila hilo tutakuwa tunapiga soga. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga vipande vya barabara kwa kusudi la kuviharibu. Malori yaliyoendeshwa na askari yakazunguka juu yake, siku hadi siku, mepesi kwenye kipande hiki na mazito kwenye kile, huku wapimaji wakiandika. Jaribio hilo, linaloitwa la AASHO, ndilo lililotupa kanuni inayotumika mpaka leo kukadiria uchakavu wa barabara: madhara hayapandi sambamba na uzito. Yanapanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Yaani ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara yanakuwa mara 16. Ekseli iliyopaswa kubeba tani 10 ikibeba 12, uzito umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini madhara yamezidi mara mbili. Hata asilimia 5, kiasi ambacho mtu anaweza kukiita "kidogo tu, bosi", huongeza madhara kwa zaidi ya asilimia 21. Ni makadirio, na lami hutofautiana na lami, lakini picha yenyewe iko wazi.

Sasa angalia jambo la ajabu. Dereva aliyepita na tani mbili za ziada, akitazama kwenye kioo cha pembeni, hataona shimo nyuma yake. Ataona barabara ileile aliyoikuta. Lami imetitia kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Atakayelikuta shimo ni mtu mwingine, baada ya masika mawili matatu: kijana wa bodaboda, usiku, mvua inanyesha, nyuma kapakia mjamzito. Huyo kijana atamlaumu nani? Malori elfu yamepita. Kila moja lina haki ya kusema: si mimi.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, aliwaza kuhusu watesaji elfu moja na wateswa elfu moja. Kila mtesaji anabonyeza kitufe, na kila kitufe kinaongeza maumivu kwa wateswa wote, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho hakuna hata mmoja wao anayeweza kukihisi. Mwisho wa siku wote wako katika mateso makali. Ukimshika mtesaji mmoja ukamuuliza umemuumiza nani, atajibu kwa uso mkavu: hakuna aliyehisi kitufe changu. Parfit anasema jibu hilo ni hesabu mbovu ya maadili. Tunapaswa kujiuliza kuhusu kile tunachokifanya pamoja, hata kama mchango wa mmoja mmoja hauonekani. Nikisoma ukurasa ule huwa nauona mkeka wa lami. Wahenga wetu walilisema kwa njia fupi zaidi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tena mzigo wangu mwenyewe, ukibebwa na barabara ya umma, nao ni usufi mtupu.

Dawa ya kawaida ya tatizo hili ni kutoza pesa. Lakini pesa ina tabia zake. Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliwahi kuangalia vituo vya kulea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao jioni. Baadhi ya vituo vikaanzisha faini. Matokeo? Wazazi wakachelewa zaidi. Zamani mzazi aliyechelewa aliona aibu mbele ya mwalimu. Sasa aliona kwamba amenunua muda. Na faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi chini. Michael Sandel, katika What Money Can't Buy cha mwaka 2012, analieleza hilo kwa kutofautisha faini na ada. Faini inabeba lawama: umekosea, usirudie. Ada ni bei: lipa, pita, karibu tena. Shida inaanza pale mtu anapolipa faini kwa moyo wa kulipa ada.

Huku kwetu tuna kisa kinachofanana. Kanuni za Tanzania ziliwahi kuwa na uvumilivu wa asilimia 5 juu ya uzito uliowekwa. Mizani inaweza kupishana, mvua inaweza kulowanisha mzigo, kwa hiyo mtu asiadhibiwe kwa kilo chache. Ni utu huo. Lakini kitu cha kuvumiliwa kikiachwa miaka mingi hugeuka haki. Msafirishaji anaanza kupakia moja kwa moja mpaka kwenye ile asilimia 5, anapanga biashara yake juu yake, anamwahidi mteja. Oktoba 2013, John Magufuli, wakati huo akiwa Waziri wa Ujenzi, alipotaka nafuu hiyo ikome, wasafirishaji waligoma na malori yakasimama. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na agizo likasitishwa. Sitaki kuwageuza wasafirishaji wabaya wa hadithi. Wana mikopo benki, na nauli ya lori mara nyingi hulipwa kwa tani, kwa hiyo kila tani isiyopakiwa ni mkate uliotoka mezani. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeweza kudai kuwa asilimia 5 ile haigawanyiki. Iligawanyika vizuri tu. Kilichokuwa kigumu kugawanya ni faida.

Nadhani huo ndio ufunguo wa mambo mengi. Mara nyingi mtu akikwambia "haiwezekani vinginevyo", anamaanisha "vinginevyo itanigharimu mimi". Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa, ila zinavaa shati moja.

Haya, turudi kwa dubwana lenyewe, lile ambalo kweli haligawanyiki. Umewahi kuliona likipita? Mbele kuna gari dogo lenye kimulimuli na bendera nyekundu, linawaashiria watu wakae pembeni. Nyuma yake kichwa cha lori, mara nyingine viwili, kimoja kikivuta na kingine kikisukuma. Kisha tela: refu, chini chini, matairi yamejipanga kama miguu ya jongoo. Juu yake chuma kimefungwa minyororo. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Kabla ya safari watu wameshapita njiani kupima: daraja gani litahimili, waya gani wa umeme uinuliwe, kona gani ni kali mno. Kwa kawaida husafiri mchana, likaonekana.

Ukihesabu, utakuta jambo la kushangaza. Chukulia transfoma ya tani 120 juu ya tela la tani 40. Jumla ni tani 160, karibu mara tatu ya kikomo. Lakini tela hilo likiwa na mistari 16 ya ekseli na uzito umegawanywa sawasawa, kila mstari unabeba tani 10. Sasa mlinganishe na lori la mchanga la mtaani, lile lililojazwa mpaka mchanga unamwagika kwenye kona, ekseli ya nyuma ikibeba tani 14. Kwa kanuni ya Illinois, ekseli hiyo moja inaiumiza barabara karibu mara nne kuliko mstari mmoja wa lile dubwana. Na dubwana limepita mara moja, lakini lori la mchanga litarudi kesho, na keshokutwa, na Jumapili baada ya kanisa. Madaraja ni habari nyingine, maana daraja hujali pia jumla ya uzito. Ndiyo maana hukaguliwa kabla. Lakini kwa upande wa lami, kinachotutisha si lazima kiwe ndicho kinachotuumiza.

Hapo nikaona kitu ambacho sheria yenyewe haikisemi kwa maneno. Mzigo hauwezi kugawanywa, lakini uzito unaweza. Transfoma inabaki nzima juu. Chini yake uzito umesambazwa kwa matairi mengi, kila moja likapewa kiasi ambacho ardhi inaweza kukibeba. Kwa hiyo uhalali wa kubeba kitu kisichogawanyika hauji na muhuri. Unakuja na kazi iliyofanyika chini yake: umeugawa uzito mpaka hapo panapogawanyika? Kama hukuugawa, kibali chako ni karatasi tu.

Lakini uzito wenyewe si tani peke yake. Niliwahi kuwa kwenye basi la kutoka Iringa kuja Dar es Salaam, tukakutana na tela la namna hiyo likijiandaa kuteremka Kitonga. Wanaoijua Kitonga wanajua: mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, kona juu ya kona. Hakuna kulipita. Tukakaa. Jua likapanda. Mama mmoja aliyepandia Ilula, mwenye matenga ya nyanya kwenye buti, akaanza kulalamika. Konda akamtuliza: "Mama yangu, vumilia kidogo. Ule ni mtambo wa umeme, ni wa sisi wote." Mama akamtazama, akasema: "Umeme ni wa wote, mwanangu. Nyanya ni zangu peke yangu."

Basi zima likacheka, naye akacheka. Lakini nimeyatafuna maneno yale kuliko mengi niliyoyasoma. Yule mama hakuupinga umeme. Aliiona hesabu ambayo mwandishi wa kibali hakuiandika: faida imesambazwa kwa mamilioni ya watu, gharama ya asubuhi ile imetua kwenye matenga manne ya mtu mmoja. Kwa lugha ya mizani, hiyo ni ekseli iliyozidishwa. Na kipeo cha nne, kwa namna yake, kinafanya kazi hapo pia. Saa tatu zikigawanywa kwa watu elfu ni usumbufu wa sekunde chache kwa kila mmoja. Saa tatu zikimwangukia mwenye nyanya mbivu kwenye jua ni mtaji.

Mfano mkubwa zaidi uko Kenya. Karibu na Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, kuna shamba la umeme wa upepo lenye mitambo 365, jumla ya megawati 310. Kila mtambo una mabawa matatu, na kila bawa lina urefu wa takriban mita 25. Bawa ni mzigo usiogawanyika wa kupigiwa mfano: si zito sana, lakini ni refu, na haukunjwi. Vifaa vilishuka bandarini Mombasa vikasafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea kaskazini, na kwa kuwa njia ya mwisho haikufaa, takriban kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis zilitengenezwa upya. Kwa wasafirishaji, ni kazi ya kujivunia, na mimi siwanyimi sifa. Barabara ile imebaki, wenyeji wanaitumia, na hilo si dogo katika eneo lililosahauliwa miaka mingi.

Ila uzito ulisambazwaje? Umeme wenyewe ulivushwa kwa nyaya mpaka Suswa, mamia ya kilomita kusini, kuingia kwenye gridi ya taifa. Ardhi iliyotengwa ilikuwa ekari 150,000, malisho ya jamii za wafugaji. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria. Kesi haikuishia hapo, lakini mimi sitaki kucheza hakimu. Nataka tu tutazame mambo mawili yakiwa pamoja: kila bawa lilipimiwa njia yake kona kwa kona, na mahakama ikakuta kwamba utaratibu wa kisheria wa kupata ardhi ya wafugaji ulirukwa. Tuna ujuzi wa kuhakikisha kwamba mita 25 za bawa haziparuzi mwamba. Kuhakikisha kwamba gharama haikai juu ya bega moja, huo ujuzi tunaukosa, au tunao na hatuutumii.

Neno "maendeleo" mara nyingi husafiri kama mzigo usiogawanyika. Linakuja na kimulimuli, watu wanaambiwa wakae pembeni, na anayeuliza swali anaonekana mshamba. Na kweli kuna mambo ya taifa yasiyogawanyika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja; huwezi kujenga robo ya ukuta wa bwawa ukategemea maji yakae. Lakini kutogawanyika kwa bwawa hakufanyi kila kitu kilicho chini yake kisigawanyike. Fidia inagawanyika. Muda wa taarifa unagawanyika. Kazi, kelele, vumbi, vyote vinagawanyika kama saruji, mfuko kwa mfuko.

Mtu ataniambia: wewe umekaa unaandika, mwenzio yuko Tunduma siku ya nne kwenye foleni, utakuja kumfundisha falsafa? Ni hoja nzito. Dereva na utingo wake ndio wanaolala chini ya tela, na ndio wanaokutana na mizani uso kwa uso, huku aliyeamua lori lipakiwe tani ngapi yuko ofisini kwenye kiyoyozi. Kumrundikia dereva lawama zote za barabara iliyotitia nayo ni kuzidisha ekseli moja. Ndiyo kwanza hoja yangu inapata nguvu: ukitaka haki, usiangalie tu nani ameshika usukani wakati mizani inasoma. Fuata mnyororo mpaka kwa mwenye mzigo, na mpaka kwa sisi tunaotaka saruji ifike kwa bei ya jana.

Na hii si habari ya malori peke yake. Katika familia zetu kuna mizigo isiyogawanyika. Baba amepooza, hawezi kulala nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Atakaa nyumba moja, na mara nyingi itakuwa nyumba ya binti fulani, yule ambaye hajaolewa au aliyerudi nyumbani. Ndugu wengine watasema, kwa ukweli kabisa, kwamba mgonjwa hawezi kukaa kwa watu watano. Kisha watatulia, kana kwamba jambo limekwisha. Lakini dawa inagawanyika. Zamu za usiku zinagawanyika. Nauli ya hospitali, nepi, simu ya kumuuliza dada "na wewe umekula?", vyote vinagawanyika. Familia inayompa binti mmoja tani 160 kwa sababu baba hagawanyiki imefanya kile ambacho hakuna mhandisi angekithubutu: imeweka transfoma kwenye ekseli moja. Itakwenda, ndiyo. Kwa muda hakuna atakayeona kitu, maana lami nayo hutitia kimya kimya.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "hili halina namna", siku hizi nina maswali mawili. La kwanza: ni kweli haligawanyiki, au kuligawanya kutakugharimu wewe? La pili, hata kama ni kweli: chini yake umeweka matairi mangapi?